Nusu ya Pili ya Wimbo wa Mama

La Resource, Carriacou
11 Februari 1962

Mdogo wangu Alban,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko haijakumaliza mbavu. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia ndilo lenye kelele kila asubuhi, lakini nikilipaka mafuta ya nazi linanyamaza. Mbaazi zimekubali mwaka huu. Mbuzi mweusi kazaa pacha, na wote wawili wana sura ya Mwalimu Bartlett. Usimwambie nimesema.

Huyo huyo Bartlett kaniletea gazeti kutoka Grenada. Picha yako imo, umevaa kofia ya baharia, na chini wameandika kwamba wewe ni mwimbaji na mwigizaji, mzaliwa wa kisiwa chetu. Nilimwambia anisomee mara mbili. Kusoma najua, ila nilitaka kulisikia jambo hilo kwa mdomo wa mtu mwingine. Kumbe na katika filamu hii pia unakufa. Alban, hii ni mara ya ngapi? Juzijuzi ulichomwa mkuki, na kabla ya hapo ulianguka kutoka kwenye gari moshi. Huko kwenu hawana mtu mwingine wa kumwua? Nina maswali, na unijibu moja moja, usiruke. Damu wanatumia nini? Ukishakufa, macho unayatazamisha wapi? Na ukishikwa na chafya?

La pili unalijua. Jiwe la kaburi la Mama bado limeegemea ukuta wa jikoni, mwaka wa nne huu. Jina lake, Delfina Quashie, limechongwa vizuri, na nyuma yake mjusi kafanya makao. Jiwe halisimamishwi bila ngoma, na ngoma haifunguliwi mpaka mwana wa kiume wa kwanza amwage maji chini. Mimi ni binti. Wimbo wa ukoo ninao mimi, alinipa Mama, lakini maji ni yako. Ulisema Krismasi, ukasema Pasaka, ukasema baada ya onyesho la Manchester. Mama hajapumzika, yuko njiani tu kama mtu aliyekosa chombo. Sema lini.

Dada yako,
Isaline


London
20 Machi 1962

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti linasikia mafuta. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha moshi wa mji huu. Wasalimie wote, na pacha wa Mwalimu Bartlett uwape majani kwa niaba yangu.

Unauliza mara ya ngapi. Nimehesabu kwenye vidole: hii ya baharia ni ya tisa. Miaka mitano ya kwanza sikufa hata mara moja kwa sababu nilikuwa naimba tu. Unakumbuka nilivyokuja na gitaa la marehemu Baba. Nilipiga kwenye kumbi ndogondogo za chini ya ardhi, wananivisha kofia ya majani yenye nyuzi za kuning'inia ambayo nyumbani hata punda haivai, naimba vichekesho vya Trinidad. Kisha redio wakaniita. Kisha kukawa na mchezo wa jukwaani, wakataka mwimbaji anayeweza kusema sentensi tatu. Nikasema sentensi tatu. Mchezo uliofuata walinipa tano na risasi moja. Tangu hapo, dada yangu, watu wa huku wakiniona tu wanajua nitafia wapi.

Damu ni sharubati ya sukari yenye rangi. Ni tamu, na inzi wanaipenda. Macho unachagua kitu kimoja, msumari au doa, halafu unafikiria jambo la polepole. Mimi huwa nafikiria kuvuta ndoo kisimani kwa Ma Tetin. Chafya ilinipata mara moja, nikafa upya mara nne siku hiyo mpaka shati likagandamana.

Katika hii filamu mpya mwongozaji, Bwana Pelham, aliniambia nikiwa nakata roho pale sitahani niimbe kitu cha kwetu. Nikaimba. Nilipomaliza hata mafundi wa taa walikuwa wameacha kazi zao. Utaiona mwenyewe ikifika.

Pasaka ya mwakani nakuja. Hii si ahadi kama zile.

Mdogo wako,
Alban


La Resource
9 Novemba 1962

Alban,

Natumaini u mzima. Mimi mwili haujambo. Kilichobaki sijui.

Filamu yako imefika. Ililetwa na mashua kutoka Grenada, na mashine yake na bwana wa kuizungusha, wakaionyesha mchana pale shuleni Hillsborough, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kisiwa kizima kilikuja. Nilikaa mbele na wazee, nimevaa gauni la kanisani. Ulipotokea watoto walishangilia, na Papa Cosmo mpiga ngoma akasema umenenepa. Nikacheka. Nilikuwa najivuna, nakwambia kweli.

Halafu ukapigwa risasi, ukalala, ukaanza kuimba.

Alban, ulikuwa unafikiria nini? Uliimba wimbo wa Mama. Wimbo wa kufungulia, ule wa kuwaomba radhi wakubwa waliotangulia na kuwaita waje. Papa Cosmo alikuwa wa kwanza kusimama na kuvua kofia. Wazee wote wakasimama. Hata yule bibi, Nene Philomise, na miguu yake ile, alipiga magoti kwenye sakafu ya simenti. Bwana wa mashine akapiga kelele kwamba tunawazibia watu. Nani angekaa? Umewaita na wamekuja, nasi tulikuwa tumekaa mikono mitupu. Mtu mmoja alikuwa na chupa ya maji ya tangawizi, tukamwaga hiyo.

Na uliimba nusu. Ulipofika pale pa kuwakaribisha mezani, pa kuwalisha na kuwaaga, ukafa. Uliwaita watu mlangoni kisha ukaufunga.

Siku ya tatu nilijilaza baada ya kula, Mama akaja. Hakuketi. Alisema, "Alban ananiita kila siku. Nikienda nakuta giza, watu wamekaa safu safu wanatafuna vitamutamu. Kuna msichana ana taa mkononi, anawaonyesha wengine viti, mimi hanioni. Hakuna aliyenipa hata maji."

Sasa naomba unieleze, maana mimi sijui mambo ya mashine hizi. Filamu hiyo iko moja au ziko nyingi? Ikionyeshwa mahali pengine, wewe unaimba tena, au ni ule ule ulioimba mara ya kwanza? Na ni kila siku?

Dada yako,
Isaline


London
12 Desemba 1962

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, na koti sikuvua.

Nakujibu kama ulivyouliza. Ziko nakala nyingi, zaidi ya mia. Zinaonyeshwa mara tatu kwa siku, na Jumamosi mara nne, London, Leeds, Glasgow, na sasa zimevuka kwenda Kanada. Kama ni mimi ninayeimba tena au ni ule wimbo wa kwanza, hapo sijui. Swali hilo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote, na sasa haliniachi hata nikinyoa ndevu.

Usinikasirikie kabla ya kunisikiliza. Nilijaribu nyimbo tatu za kwetu, Bwana Pelham akazikataa zote, akasema zinachezesha mabega. Akaniambia nilale tu, nisifikirie. Nikalala kwenye zile mbao. Dada, telegramu ya kifo cha Mama ilinikuta nikiwa njiani na kikundi, ina siku sita. Usiku huo huo nilipanda jukwaani nikachekesha watu. Sikulia siku hiyo wala siku nyingine. Pale chini kwenye mbao ndipo wimbo wake ulipotoka. Nusu kwa sababu najua nusu tu. Utotoni mkifika kwenye kuwalisha wakubwa, mimi nilikuwa nimeshakimbilia sufuria. Kuhusu ndoto, labda ni kwamba wewe umeiona sinema na kichwa kikatengeneza mengine.

Sasa kuna jambo. Bwana Pelham anatengeneza filamu nyingine, wanaanza Aprili. Mtu mkubwa ndani yake ni mwimbaji wa visiwani, na hafi, Isaline. Anafika mwisho akiwa mzima, anashuka kilimani na gitaa lake. Miaka kumi na miwili nimengoja mtu kama huyo. Nafasi ni yangu, ila mwisho wake anataka ule wimbo, mzima. Niandikie nusu ya pili. Maneno tu, sauti nitaikumbuka.

Mdogo wako,
Alban


La Resource
10 Januari 1963

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka. Natumaini kifua chako kimepona. Goti langu limehamia kiunoni.

Uliponieleza habari ya zile mbao nililia, nikakusamehe. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa pili nikakukasirikia upya.

Siandiki. Hata ningetaka, wimbo huo haukai kwenye karatasi. Mama alinipa mdomo kwa sikio, siku tatu, tunachambua mbaazi, na kila nikikosea alinipiga kidole kwa mwiko. Unaujia mwenyewe au unaukosa.

Na kuhusu kichwa changu kutengeneza mambo: pale shuleni hakukuwa na msichana wa taa. Tulikuwa na Bartlett na fimbo yake. Huyo msichana ni nani?

Mama amekuja tena. Amekonda. Mimi namwekea sahani yake mezani kila Jumapili, lakini anasema haitwi huku, anaitwa huko. Basi umlishe wewe huko unakomwita. Ugali na mbaazi, bila chumvi, hata chembe. Wakubwa hawagusi chumvi. Maji kidogo chini, na ramu kidogo. Mpaka utakapokuja.

Najua Pasaka ni Aprili hiyo hiyo. Sijui kuwa mtu mkubwa katika sinema kunaonja vipi, na ningependa kujua. Ila jiwe liko ukutani.

Dada yako,
Isaline


London
2 Machi 1963

Dada mpenzi,

Shikamoo. Hatujawahi kuona baridi kama ya mwaka huu, barafu tangu Krismasi, maziwa yanaganda kwenye chupa. Mimi mzima.

Wasichana wa tochi wapo. Kila sinema hapa ina msichana gizani mwenye tochi ndogo, anawaonyesha watu viti. Nimepitia barua zangu zote kichwani na sikumbuki kukuandikia habari zao.

Nilianza na sinema ya Kilburn. Nilinunua unga wa mahindi kwa Mgrenada mmoja sokoni, nikapika kwenye jiko langu la gesi, nikafunga sahani kwa kitambaa, nikaingia onyesho la mchana. Niliposikia sauti yangu inaanza, nikaisukuma sahani chini ya kiti kilichokuwa tupu, nikamwaga maji kidogo. Jamaa wa mbele alikunja miguu na kuguna. Nimekwenda sinema kumi na moja sasa.

Leeds ndiko nilikokamatwa. Nimeinama, tochi ikanimulika usoni, na msichana akaniuliza ninafanya nini na sahani. Nikaona hapa nikidanganya nitaitiwa polisi. Nikamwambia, "Namlisha mama yangu." Alimulika kiti kitupu, akanimulika mimi, akaniangalia kule mbele kwenye pazia nilikokuwa nakata roho. Anaitwa Nuala, kwao ni Ireland. Aliondoka, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka chini karibu na sahani. Akaniuliza kama mama anatumia sukari.

Nilikaa pale hadi taa zikawaka. Kisha nikaenda posta nikampigia Bwana Pelham nikamwambia Aprili sipo. Alisema ataningojea hadi mwisho wa Mei kama nitarudi na wimbo mzima. Sikusema ndiyo wala hapana. Meli inaondoka tarehe kumi na sita. Tayarisha mbuzi.

Mdogo wako,
Alban


La Resource
19 Mei 1963

Mdogo wangu Alban,

Natumaini umefika salama, na bahari haikukutapisha kama ulipokuja. Umesahau soksi moja na kitambaa cha shingo. Soksi nimeitumia kuchujia kahawa. Natania.

Nyumba imekuwa kimya, nami naifagia tu bila sababu. Watu bado wanazungumza. Papa Cosmo anasema ulipomwaga yale maji nusu iliingia kwenye kiatu chake, na kwamba hilo si kosa. Nene Philomise anasema jiwe lilipokaa sawasawa shimoni alisikia mtu akivuta pumzi. Mimi sikusikia, nilikuwa namtazama yule mjusi anavyohangaika. Sasa anakaa kaburini.

Siku zile tatu za mbaazi zimenifurahisha kuliko ngoma yenyewe. Ulipoanza uliimba kama redio, umenyoosha shingo. Siku ya pili nilikupiga mwiko mara nne. Ya tatu sikukupiga.

Nilitaka kukuapisha usiuuze wimbo. Mwiko ulikuwa mkononi na maneno yalikuwa mdomoni. Kisha nikakumbuka Mama hakuniapisha mimi. Kwa hiyo unayo nusu ya pili, na Mei haijaisha. Sitaki kuuliza utaipeleka wapi. Lakini nauliza.

Dada yako,
Isaline


London
17 Julai 1963

Dada mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Nilitaka kwanza niwe na jambo la kukuambia.

Nilikwenda kwa Bwana Pelham tarehe ishirini na nane Mei. Alikuwa na kinasa sauti mezani, kimefunguliwa tayari. Akasema, "Haya, Alban, tuisikie yote." Mdomo niliufungua. Nilimwona yule mtu anashuka kilimani na gitaa, mzima, na jina langu juu ya majina mengine. Kisha nikasikia mwiko. Nikamwambia siujui. Nikamwambia dada yangu alikataa kunifundisha. Umebeba wewe lawama, pole. Alizima mashine taratibu. Nafasi imekwenda kwa kijana wa Guyana, mwimbaji mzuri, namtakia heri, ingawa wiki mbili za kwanza sikumtakia. Mwezi ujao mimi nakufa tena. Mara hii ni nyoka.

Filamu ya baharia inamalizika sasa, imebaki sinema chache. Jumamosi tarehe kumi na tatu ilikuwa siku yake ya mwisho pale Leeds. Nilipanda gari moshi. Sahani nilipika alfajiri, ugali laini kabisa, nimeukoroga kama ulivyonionyesha, ungejivuna. Nuala alinikalisha safu ya tatu na kuacha kiti tupu pembeni yangu. Walikuwepo watu kama thelathini na bibi mmoja na mbwa wake.

Nikajitazama nikipigwa risasi. Nikaanguka, nikaimba, nikawaita. Pale ninapokufa, pale panapofuata ukimya kabla ya zile tarumbeta zao, nikasimama gizani nikaimba nusu ya pili. Sikuimba kama redio. Nilimkaribisha, nikampa sahani, nikamwambia asante na njia njema. Mtu alisema "Shh". Mwingine akamwambia yeye ndiye anyamaze. Tarumbeta zikapiga, nami nikaendelea hadi mwisho, na nilipokaa uso wangu wote ulikuwa umelowa. Yule bibi alinigeukia akauliza kama hiyo ni sehemu ya filamu. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa imesahauliwa.

Sijui kama imefika. Wewe ndiye unayetembelewa, mimi sitembelewi. Niambie.

Mdogo wako,
Alban


La Resource
8 Agosti 1963

Mdogo wangu,

Natumaini nyoka hajakuuma vibaya. Mimi mzima, na kiuno kimerudi kuwa goti.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, pale kaburini. Kuhusu lawama, nitaibeba, nina mgongo.

Lakini habari ilikutangulia. Jumamosi hiyo hiyo, tarehe kumi na tatu, nilijilaza baada ya kula. Mama alikuja, na safari hii aliketi, kwenye kiti chake cha dirishani. Amenenepa. Alikuwa anajifuta vidole kimoja kimoja kama alivyokuwa akifanya. Nikamwuliza kama ameshiba. Akasema ameshiba na anakwenda kulala, nisimwamshe. Alipofika mlangoni akageuka akasema, "Mwambie Alban ule ugali wa leo ulikuwa na madonge."

Wewe umeandika ulikuwa laini. Nami nakufahamu tangu ulipokuwa unaficha sufuria iliyoungua. Sasa sitaki hadithi ndefu. Yalikuwepo au hayakuwepo?

Dada yako,
Isaline


London
29 Agosti 1963

Dada,

Shikamoo. Yalikuwepo. Manne.

Mdogo wako,
Alban